Darasa la ngoma ughaibuni: jinsi ya kulianzisha lisife wiki ya sita

Malalamiko ni yale yale, sauti tu ndizo tofauti. "Tulianza watu ishirini, tumebaki wanne." "Wapigaji wanapiga, wachezaji wanapotea." "Mwenye ukumbi katutoa." Nimekaa Marekani miaka ya kutosha kuona madarasa ya djembe (ngoma ya ngozi ya mbuzi inayopigwa kwa mikono mitupu) na densi yakizaliwa kwenye kumbi za makanisa na vituo vya jamii, na mawili kati ya yaliyokufa niliyaua mwenyewe.

Anayeuliza mara nyingi ni mtu wetu: Mtanzania, Mkenya au Mkongomani aliyehamia juzi. Jirani kamwona Mwafrika, kamwambia, "Tufundishe ngoma." Naye akaona aibu kukataa. Basi tuanze na ukweli huu: djembe si yetu. Ni ya Wamande wa Guinea na Mali. Ilifika huku pamoja na vikundi vya jukwaani kama Les Ballets Africains cha Guinea na wapigaji kama Ladji Camara, na Wamarekani weusi wakaijengea madarasa yenye taratibu na adabu zake. Kuzaliwa Tanga au Uvira hakukupi ujuzi wake, kama ambavyo kuzaliwa Conakry hakumfundishi mtu sindimba. Historia nzima tuiache. Leo ni kazi.

(Kuna wanaoandika "jembe". Hilo ni la kulimia. Mimi nitabaki na djembe.)

## Vitu vya kuwa navyo kabla ya tangazo la kwanza

- Dunun seti moja. Ni ngoma tatu za mzinga wa duara zenye ngozi ya ng'ombe pande zote mbili: kenkeni ndogo, sangban ya kati, dundunba kubwa. Kila moja na mkwiro wake na kengele yake. Kama pesa inatosha kitu kimoja tu, nunua hizi, djembe zitafuata.
- Djembe nne hadi sita. Kwa mtu mzima tafuta uso wa inchi 12 au 13 na urefu wa karibu inchi 24. Ndogo za watalii zenye michoro ya twiga ziache ukutani.
- Viti visivyo na mikono. Kiti chenye mikono hubana viwiko.
- Ukumbi wenye sakafu ya mbao. Nitaueleza mbele.
- Vizibo vya masikio, pakiti nzima, si vya mtu mmoja.
- Kanga au vitenge vya ziada vitano, kwa wanaokuja bila.
- Plasta, barafu na maji.
- Mwalimu wa densi na mpiga djembe wa kuongoza ambao wako tayari kukaa pamoja kabla ya siku ya kwanza. Hiki ndicho kigumu kupata kuliko vyote.

## Hatua ya 1: Tafuta watu wawili, usitafute kikundi

Kosa la kawaida ni kukusanya wapigaji wanane wenye hamu, halafu ndipo utafute mwalimu wa densi. Wapigaji wanane wasio na mchezaji ni kelele za Jumamosi. Katika mila hii ngoma hupigwa kwa ajili ya miguu. Mpigaji anamtazama mchezaji, na mchezaji anamsikiliza mpigaji. Sisi Waswahili tunalijua hilo hata kwenye neno lenyewe: ngoma ni kile kinachopigwa na ngoma ni kile kinachochezwa. Ajabu ni kwamba tukifika ughaibuni tunavitenganisha.

Nenda kwenye madarasa yaliyopo, hata kama ni mwendo wa saa mbili. Hudhuria kama mwanafunzi, lipa kiingilio, cheza mstari wa nyuma. Baada ya mara tatu au nne utamjua mwalimu anayefundisha na anayejionyesha. Mwombe huyo wa kwanza aje kwenu hata mara moja kwa mwezi, nawe ushike wiki zilizobaki kwa kurudia alichofundisha, bila kuongeza chako.

Kama unajua ngoma ya kwenu, mdundiko, bugobogobo au lizombe, fundisha hiyo, na useme ndiyo hiyo. Usichukue hatua za bugobogobo ukazipachika juu ya djembe ukaita "densi ya Afrika". Wanaojua watakaa kimya kwa heshima, na wiki ijayo hawatarudi.

Hatua hii imekamilika pale mwalimu na mpigaji wanapoweza kukutajia mdundo mmoja watakaoanza nao, kwa jina, na kila mmoja akakueleza mambo yale yale juu yake.

## Hatua ya 2: Ukumbi, sakafu na majirani

Wachezaji wanacheza pekupeku, na densi hizi zina kuruka na kukanyaga. Sakafu ya mbao iliyoinuliwa hunyumbuka kidogo na kuupokea mshindo. Zege lililofunikwa zulia halinyumbuki, linakudanganya kwa ulaini wa juu tu. Wiki ya tatu watu wataanza kulalamika miundi ya miguu, na wewe utadhani ni uvivu. Darasa langu la kwanza lilikuwa kwenye chumba cha chini cha jengo fulani, zulia la kijivu, bei nafuu kweli. Mama mmoja aliyekuwa haachi kuja alianza kuchechemea, akapotea, na nusu ya kundi wakamfuata.

Pima ukumbi kwa mguu: ruka mara kumi bila viatu. Kisigino kikilia, ondoka.

Halafu kelele. Usimuulize mwenye ukumbi kama "muziki kidogo" unaruhusiwa. Mwambie ngoma sita, dakika 90, saa fulani hadi saa fulani, kisha mwombe mkapime. Mtu mmoja apige dundunba ndani, wewe simama chini ya dirisha la jirani wa karibu. Djembe unaisikia hewani, lakini besi ya dunun hupita ukutani na kwenye sakafu, na hiyo ndiyo inayoleta polisi. Ukisikia kioo cha dirisha la jirani kikitetemeka, tafuta ukumbi mwingine au saa nyingine. Alasiri ya Jumapili imetufaa zaidi kuliko usiku wowote wa katikati ya wiki.

Kumbi nyingi zitakudai bima ya dhima, ile ya kulipia mtu akiumia au kitu kikiharibika, kabla ya kukupa ufunguo. Uliza mapema. Wakati mwingine kituo cha jamii kikikukubali kama programu yake, bima yake inakufunika.

## Hatua ya 3: Jenga dunun kwanza

Hapa ndipo madarasa mengi hufia, kwa hiyo nitakaa.

Kila anayeingia anataka djembe. Ndiyo iliyo kwenye picha. Hakuna anayekuja akasema, "Naomba nipige kenkeni." Matokeo yake ni djembe saba zikishindana kupamba mdundo ambao hakuna aliyeushika, na mchezaji katikati akitafuta pa kuweka mguu.

Dunun ndizo zinazosema mdundo ni upi. Sangban hasa: mjuzi akisikia sangban na kengele yake tu, atakutajia jina la mdundo kabla djembe haijaguswa. Kenkeni inarudia kauli fupi isiyobadilika, mara nyingi kwenye nafasi iliyo katikati ya nyayo. Dundunba inajibu kwa uzito.

Kuna namna mbili za kuzipanga. Ya kwanza, kila ngoma imelazwa na ina mtu wake: mkono mmoja mkwiro kwenye ngozi, mkono wa pili chuma kwenye kengele. Ya pili ni ile iliyokuzwa na vikundi vya jukwaani: ngoma zote zimesimamishwa, mtu mmoja anazipiga tatu kwa mikwiro miwili. Ya pili inaokoa watu, na itakushawishi. Anza na ya kwanza. Watu watatu wenye kauli tatu rahisi hujifunza kusikilizana, na mmoja wao akiumwa hujabaki bila darasa.

Fanya hivi kwa wiki mbili kabla ya kumwita mchezaji yeyote:

1. Mtu wa kwanza anapiga kengele peke yake, dakika tano, huku anatembea mahali pamoja. Kulia, kushoto. Kengele isipokaa na miguu, ngoma haitakaa na miguu ya mwingine.
2. Ongeza ngozi ya sangban. Simama hapo mpaka mpigaji aweze kujibu salamu bila kupoteza. Kweli, msalimie: "Habari za nyumbani?" Akijibu na mkono haukuyumba, endelea.
3. Ingiza kenkeni, mwishowe dundunba.
4. Rekodi dakika kumi kwa simu. Linganisha dakika ya kwanza na ya mwisho kwa programu ya metronomu.

Hiyo namba nne itawaaibisha, na ni lazima. Karibu kila kundi jipya linakimbia: linaanza mwendo wa matembezi na kuishia mwendo wa anayefukuzwa. Mchezaji mgeni hawezi kuvumilia hilo. Anachoka dakika ya sita na kudhani tatizo ni mwili wake, kumbe ni mkono wa mpigaji.

Mshike mshika-mdundo wako vizuri. Kwetu ni bwana mmoja fundi wa mabomba, hasemi sana, hajawahi kuomba kupiga mapambo. Siku asipokuja ndipo watu hujua anafanya nini.

Kuna jambo la adabu humu. Ukiwa na familia za Kirundi, kumbuka kwamba kwao ngoma za kifalme ni kazi ya wanaume, na mwaka 2017 serikali ya Burundi iliandika hivyo kwenye amri. Tulimkabidhi mkwiro mama mmoja wa Kirundi kwa furaha zetu zote. Aliushika kama anayeshika mtoto wa watu, akatazama mlango, akaurudisha. Hatukumlazimisha. Alicheza miezi miwili, na siku moja akaketi kwenye kenkeni mwenyewe bila kuambiwa.

## Hatua ya 4: Sauti tatu za djembe

Keti ukingoni mwa kiti, djembe katikati ya magoti, iinamishe mbele kidogo ili tundu la chini lipate hewa. Ikikaa wima juu ya sakafu, besi inakabwa na utaishia kuipiga kwa hasira.

Vua pete, bangili na saa. Bila mjadala. Pete huchana ngozi, na kidole huvimba ikakataa kutoka. Nimeona bwana harusi wa juzi akipelekwa kukatiwa pete yake.

Besi: kiganja kizima kinashuka kuelekea katikati ya ngozi na kuruka mara moja. Mkono ukibaki, sauti inafia chini yake.

Toni: mkono uko pembeni, vidole vimebana, vifundo vya chini vya vidole viko usawa wa ukingo. Vidole vinatua bapa. Sauti ni ya mviringo, kama mtu anayesema "go".

Kofi: mkono uko pale pale, lakini vidole vimelegea na kuachana kidogo, na ncha ndizo zinazogusa. Sauti ni kali, kavu.

Wanaoanza wote hudhani kofi ni toni iliyopigwa kwa nguvu. Wanapiga, mikono inawiva, sauti bado ni toni. Kofi linatokana na umbo la mkono. Lifanye polepole, kwa sauti ndogo kabisa, mpaka tofauti isikike hata ukipiga kwa upole.

Tamka kabla ya kupiga. Babatunde Olatunji, Mnaijeria aliyekuwa na kituo chake Harlem miaka ya 1960, alieneza silabi ambazo madarasa mengi ya Marekani hutumia hadi leo: *gun* na *dun* kwa besi, *go* na *do* kwa toni, *pa* na *ta* kwa kofi. Ya kwanza ya kila jozi ni mkono wa kulia, ya pili wa kushoto.

Huu hapa mpangilio wa kusindikiza unaoingia kwenye midundo mingi ya mahesabu ya nne. Hesabu nane, kistari ni kimya:

1 pa, 2 –, 3 –, 4 ta, 5 pa, 6 –, 7 go, 8 do

Mkono wa kulia una namba witiri, wa kushoto una shufwa. Pasipo na sauti, mkono unasogea tu hewani bila kugusa, kwa hiyo mikono haiachi kupishana. Miguu ikanyage kwenye 1 na 5. Imba kwanza, kisha imba na miguu, kisha miguu na mikono, mwisho nyamaza mdomo. Ukiruka kuimba utarudi kuimba wiki ya tatu, umeshachelewa.

Kipimo: mwenzako ageuke mgongo, wewe changanya toni na kofi mara kumi. Akitaja nane sawasawa, sogea mbele. Chini ya hapo baki.

### Masikio na mikono

Kofi la djembe kwa karibu hupita desibeli 100 bila shida. Kiwango kinachopendekezwa kwa wafanyakazi wa Marekani ni desibeli 85 kwa saa nane, na kila zikiongezeka 3 muda unakatwa nusu. Ukifika 100 umebaki na dakika 15. Darasa lina 90. Vaeni vizibo, na mtoto akiketi karibu na ngoma naye avae.

Mikono ikiuma, pumzika na weka barafu. Mtu akipiga sana kwa muda mrefu kisha akaona mkojo wa rangi ya kahawia au nyekundu, aache kupiga na aende kwa daktari. Ni jambo lililoandikwa na madaktari: mshindo wa viganja huvunja chembe nyekundu za damu. Si uchawi, na si la kuchekea kwenye kundi la WhatsApp.

## Hatua ya 5: Mwito

Hii ndiyo siri iliyo wazi. Mpiga djembe anayeongoza anapiga kauli moja fupi inayojulikana na wote, kwa kawaida yenye urefu wa mikanyago minne. Ikiisha, wachezaji wanabadilisha hatua, au wote wananyamaza pamoja. Mimi nauita mwito. Bila huo, mwalimu anapiga kelele "badilisha!" juu ya ngoma sita na hakuna anayemsikia.

Wageni hukosea mahali pamoja: wanabadilisha wanapousikia mwito unaanza. Sivyo. Endelea na hatua ile ile mwito mzima, badilisha kwenye "moja" inayofuata.

Zoezi letu halina densi kabisa. Watu wanatembea ukumbini ovyo, kama sokoni. Mpigaji anapiga mwito. Wote wanaendelea kutembea mpaka uishe, kisha kwenye "moja" wanageuka kurudi walikotoka. Dakika kumi kila darasa, kwa wiki nne. Wiki ya kwanza wanagongana na kucheka. Wiki ya nne ukumbi mzima unageuka kama kundi la samaki, na hakuna aliyemtazama mwenzake. Ukiona hivyo, umepata darasa.

Kuhusu amri: mwalimu wa densi ndiye anayeomba mwito, kwa jicho au mkono. Mpigaji anatii. Mpigaji anayepiga mwito kwa kuwa amechoka na hatua hii, au kwa kuwa rafiki yake ameingia mlangoni, anawavunja watu kumi na tano kwa pigo moja.

Kwa hiyo panga viti ili waonane. Wapigaji wawe upande mmoja wakiwatazama wachezaji, anayeongoza katikati, dunun nyuma yake au ubavuni mwake. Nimekuta wapigaji wamesukumwa pembeni, migongo kwa wachezaji, kama spika za kukodi. Mzee mmoja mpigaji, Mmarekani mweusi aliyeanza mambo haya kabla sijazaliwa, alifika akaona mpango wetu huo. Hakusema neno. Alichukua kiti chake, akakigeuza, akaketi, akasubiri. Tukageuza na vyetu.

## Hatua ya 6: Dakika 90 zenyewe

Anza kwa saa iliyotangazwa, hata kama yuko mtu mmoja. Ukisubiri waliochelewa unawaadhibu waliowahi.

Kuhusu mavazi ni kifupi: suruali ya kubana ndani, kanga juu, ifungwe kibwebwe hasa. Katika madarasa ya huku wanaita nguo hiyo *lapa*, na wanainunua kwa bei ya kuchekesha. Kanga yako kutoka Kariakoo inatosha, ila fundo liwe mara mbili na pindo lisifike kifundo cha mguu, maana kuna kurudi nyuma kwa haraka.

Dakika 20, kupasha mwili. Ngoma zipige taratibu. Magoti, nyonga, mabega, nyayo. Magoti yabaki yamekunjwa kidogo, kwa sababu densi hizi zinaelekea ardhini, na anayecheza amenyooka kama mlingoti ataumia mgongo.

Dakika 10, hatua bila ngoma. Mwalimu anavunja hatua moja kwa makofi. Miguu peke yake, kisha mikono peke yake, kisha vyote. Usiruhusu djembe hata kidogo hapa. Mkono wa mpigaji hauna subira.

Dakika 25, mistari. Watu watatu au wanne kwa mstari wanavuka ukumbi kuelekea kwenye ngoma, wanafika, wanarudi kwa kuta za pembeni. Waliozoea mbele, wageni mstari wa tatu na kuendelea, ili kila mara wawe na mgongo wa kuufuata. Mgeni akiwekwa mbele atasimama katikati ya ukumbi, uso umewaka, na humwoni tena. Mbio za ngoma zipandishwe mara moja tu, mwishoni.

Dakika 20, kuunganisha. Hatua tatu, hazizidi, zinazotenganishwa na mwito. Mdundo ni ule ule kwa wiki nne nzima. Utaambiwa watu watachoka. Wanaochoka ni wapigaji. Wachezaji wiki ya nne ndipo wanaanza kufurahi.

Dakika 10, duara. Anayetaka anaingia, anacheza kidogo, anatoka. Asiyetaka anapiga makofi, na makofi yake yana kazi. Usimsukume mtu. Mpigaji anayeongoza aitazame miguu ya aliyeingia na kumjibu, hata kama hatua ni moja na imekosewa. Mtu aliyejibiwa na ngoma mara moja huja Jumapili ijayo.

Dakika 5, kusalimia ngoma. Wachezaji wanawasogelea wapigaji, wanainama, wanagusa sakafu mbele ya ngoma kisha kifua. Kwenye madarasa mengi wanaiita *dobale*, neno la Kiyoruba la kumsujudia mkubwa kwa salamu.

Hapa watu wetu husita. Nimeulizwa na Waislamu na walokole pia: je, si kuabudu ngoma? Jibu langu ni kwamba anayesalimiwa ni mpigaji na waliomfundisha. Nasi tunasema shikamoo kila siku, neno ambalo asili yake ni kushika miguu ya mtu, na hakuna anayedhani babu ni mungu. Hata hivyo usilifanye sharti. Mtu aweke mkono kifuani, ainamishe kichwa, yatosha. Nililazimisha mara moja, nikapoteza familia nzima ya watu saba.

## Hatua ya 7: Pesa, mapema na hadharani

Wapigaji walipwe. Darasa linalotegemea wapigaji wa bure huwa nao mpaka siku ya mvua.

Tuseme wamekuja watu 15, kila mmoja dola 15: ni dola 225. Ukumbi 50. Wapigaji watatu, 40 kila mmoja, ni 120. Mwalimu amebaki na 55, na bado hujanunua ngozi. Ndiyo maana nasema mwalimu wa nje aje mara moja kwa mwezi kwa kiingilio cha juu kidogo, na wiki nyingine muendeshe wenyewe.

Bandika hesabu hiyo ukutani. Watu wakiona zinakokwenda, hakuna anayenong'ona kwamba unajenga nyumba kwenu kwa pesa za ngoma. Asiyeweza kulipa afagie ukumbi au abebe dundunba kutoka kwenye gari. Mbebaji ni mtu adimu.

## Hatua ya 8: Ngoma ziishi

Ngozi ya mbuzi inasikia hali ya hewa kabla yako. Hewa ikiwa na unyevu inalegea na sauti kushuka. Hewa kavu ya hita wakati wa baridi inaikaza mpaka inapasuka. Kule nyumbani ungeiotesha moto. Huku kamba ndiyo inayofanya kazi.

Djembe iliyolegea hukazwa kwa kusuka mlalo: pitisha kamba chini ya nyuzi mbili za wima, irudishe juu ya moja, vuta mpaka zipishane. Kila fundo linapandisha sauti kidogo. Suka mawili matatu, acha ngoma ilale hadi kesho, sikiliza, ongeza. Anayekaza safu nzima kwa jioni moja husikia mlio mmoja usiku, kama bunduki, na asubuhi ananunua ngozi.

Usibebe ngozi mbichi za mbuzi kutoka nyumbani ndani ya begi. Mwaka 2006 fundi wa ngoma jijini New York aliugua kimeta kutokana na ngozi za namna hiyo, na tangu hapo watu wa afya hawalichukulii jambo hili kirahisi. Nunua iliyoandaliwa na muuzaji anayejulikana, na kuwamba mwachie fundi.

Darasa likiisha, futa kila ngozi kwa kitambaa kikavu. Mafuta ya mikononi na jasho hukaa pale. Djembe ziingie kwenye mifuko, dunun zifungwe mikwiro yake pamoja na kengele, maana kengele ndiyo inayosahaulika, na Jumapili ijayo utapiga chupa. Zihesabu mlangoni. Kisha zipelekwe ndani ya nyumba ya mtu, zisilale kwenye buti la gari hata usiku mmoja, kiangazi wala baridi. Kwetu zinalala kwa yule fundi wa mabomba, sebuleni, na mkewe ameshatuambia wazi kwamba mwisho ni kumi.